Je, Chema Chajiuza?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Ni methali ya sokoni, na ina faraja ndani yake: humwambia fundi asihangaike kupiga mbiu, maadamu kazi yake ni njema, wanunuzi watakuja wenyewe. Lakini methali hii ikisikilizwa vyema inadai jambo kubwa kuliko biashara. Inadai kwamba baina ya wema wa kitu na kupokewa kwake na watu kuna njia iliyonyooka, isiyo na lango wala bawabu. Ikiwa ni hivyo, basi kilichosahauliwa kilistahili kusahauliwa, na aliyetukuzwa alistahili kutukuzwa. Mshairi aliyekufa na diwani yake mvunguni hana wa kumlaumu ila mashairi yake. Hukumu hiyo ni nzito, na yafaa ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Kuipimia nyumbani ni vigumu, kwani kila mtu ana mshairi wake ampendaye, na mizani haitulii mkononi mwa mwenye jamaa. Heri kwenda mbali, penye sanaa isiyo na ndugu wala jirani wa kutetewa. Mfano mmoja ulio wazi ni ule wa vijana wa Uingereza waliopiga muziki wa hevi metali kati ya mwaka 1979 na 1985, na hasa wale ambao sahani zao za kwanza zilitoka, zikasikilizwa na wachache, kisha zikazama.

Muziki wenyewe wahitaji maneno machache kwa asiyeuzoea. Ni muziki wa gita za umeme zilizokuzwa sauti hadi zikakwaruza, wa ngoma nzito na waimbaji wapandao juu sana. Uti wa mgongo wa kila wimbo ni kipande kifupi cha gita kinachorudiwarudiwa, chenye kazi inayokaribiana na ya kibwagizo katika shairi: ndicho kinachobaki kichwani maneno yakishapotea. Bendi ya Black Sabbath ya Birmingham ilikuwa imeuasisi mtindo huo kwa sahani yake ya kwanza ya mwaka 1970. Kufikia mwisho wa muongo ule wengi walidhani muziki huo umekwisha. Mwezi Mei 1979 gazeti la muziki la Sounds lilichapisha habari ya mwandishi Geoff Barton kuhusu onyesho lililofanyika London, katika ukumbi wa Music Machine, ambapo bendi tatu, Iron Maiden, Samson na Angel Witch, zilipiga usiku mmoja. Gazeti likaubatiza mwamko huo jina la wimbi jipya la hevi metali ya Uingereza. Jina likashika, na kwa miaka michache bendi zikachipuka kila mji kama uyoga baada ya mvua.

Vijana hao aghalabu walitoka katika miji ya viwanda, migodi na viwanda vya meli, wakati ambapo kazi hizo zilikuwa zikififia. Wengi walijifunza gita chumbani, kwa kuisikiliza sahani na kuirudia mpaka vidole vikubali. Kampuni kubwa za santuri hazikuwajua. Walichapisha santuri ndogo kwa fedha zao wenyewe, au walikwenda kwa kampuni ndogo kama Neat, iliyozaliwa mwaka 1979 kutokana na studio moja ya Wallsend, karibu na Newcastle.

Msomaji wa pwani huenda akasita kwa majina waliyojipa, maana kuna bendi iliyojiita Satan, nyingine Pagan Altar, yaani madhabahu ya kipagani, na nyingine Angel Witch, malaika mchawi. Kusita huko kuna haki. Hata hivyo, walio wengi miongoni mwao hawakuwa waabudu wa kitu chochote cha aina hiyo. Walikuwa wakicheza na vitisho kama mtambaji wa hadithi anavyocheza na zimwi. Picha ya jalada la sahani ya kwanza ya Angel Witch, ya mwaka 1980, ni mchoro wa mafuta unaonasibishwa na John Martin, mchoraji wa karne ya 19, unaoonyesha malaika walioasi wakiingia Pandemonium, kama alivyosimulia mshairi Milton. Vijana wa kupiga kelele walijua, walau kwa kuhisi, kwamba kelele yao ina nasaba katika ushairi wa nchi yao.

Tuanzie basi na Angel Witch, watu watatu wa London wakiongozwa na Kevin Heybourne, mpiga gita na mwimbaji. Kampuni kubwa ya EMI iliwapa nafasi ya santuri ndogo moja. Katikati ya mwaka 1980 santuri hiyo ilifika nafasi ya 75 katika orodha ya mauzo, ngazi ya mwisho kabisa, ikakaa juma moja, ikatoka. Mlango ukafungwa. Albamu ilitolewa na kampuni nyingine, Bronze, mwaka huohuo. Leo wajuzi wa muziki huu huiweka miongoni mwa sahani bora za wakati wake: ina sauti zenye huzuni isiyotarajiwa, na gita linaloimba pale linapotakiwa kuunguruma. Lakini sahani haikubadilika tangu mwaka 1980. Mikwaruzo ileile, sauti zilezile. Kama ni njema leo, ilikuwa njema siku ile. Basi kwa nini haikujiuza?

Mtetezi wa methali atajibu kwamba ilihitaji muda, na kwamba chema hujiuza ijapokuwa polepole. Jibu hilo lingetosha kama isingalikuwa habari ya bendi ya pili.

Stourbridge ni mji mdogo karibu na Birmingham, uliosifika kwa utengenezaji wa vioo. Huko ndiko wanafunzi wa shule moja, Brian Tatler wa gita na Duncan Scott wa ngoma, walikoanzisha Diamond Head mwaka 1976. Wakawapata Sean Harris wa kuimba na Colin Kimberley wa gita la besi. Mwaka 1980 walirekodi nyimbo saba. Kwa kuwa hakuna kampuni kubwa iliyowataka, waliichapisha sahani wenyewe, nakala zipatazo 1,000, ndani ya kasha jeupe lisilo na picha, wala jina la albamu, wala orodha ya nyimbo. Kila nakala ilitiwa saini kwa mkono na mmoja wa wale wanne. Ziliuzwa kwenye maonyesho na kwa njia ya posta. Baadaye albamu iliitwa Lightning to the Nations, kwa jina la wimbo wake wa kwanza, lakini ilizaliwa bila jina, kama mtoto ambaye wazazi wanangoja mgeni mkubwa aje ampe.

Mgeni alikuja, ila hakuwa yule waliyemngoja. Mwaka 1981 kijana wa Kidenmark mwenye umri wa miaka 17, Lars Ulrich, ambaye familia yake ilikuwa imehamia California, alipanda ndege mpaka Uingereza ili aione Diamond Head ikipiga. Baada ya onyesho aliwaendea, na wao, kwa ukarimu wa vijana, wakamchukua nyumbani. Akakaa nao siku kadhaa, akilala sakafuni kwa akina Tatler. Aliporudi Marekani, kabla ya mwaka kwisha, yeye na James Hetfield waliunda bendi yao, Metallica. Walipopanda jukwaani mara ya kwanza, Machi 1982, sehemu kubwa ya nyimbo walizopiga zilikuwa za bendi ndogo za Uingereza: Diamond Head, Blitzkrieg, Savage, na Sweet Savage ya Belfast. Hadhira ya California haikuzijua bendi hizo. Vijana wale hawakusema kwamba nyimbo ni zao. Hawakusema pia kwamba si zao.

Hapo ndipo swali la kimaadili linapoanza. Kunyamaza si kusema uongo, lakini anayepokea makofi kwa kazi ya mwingine huku akijua kwamba wapigaji makofi wamekosea, amechukua kitu. Amechukua nini hasa? Fedha hazikuwapo usiku ule. Wimbo wenyewe haukupungua. Stourbridge hapakuibwa hata uzi mmoja wa gita. Kilichochukuliwa ni jina. Na jina, kwa msanii asiye na mali, ndiyo mali.

Haki inadai isemwe kwamba deni hilo lilitambuliwa mapema. Mwaka 1984 Metallica walirekodi wimbo Am I Evil? uliomo katika ile sahani nyeupe, na majina ya Harris na Tatler yakaandikwa kama watunzi. Kichwa cha wimbo huo ni swali, mtu akijiuliza kama yeye ni mwovu. Mwaka 1987 walirekodi Helpless, baadaye The Prince, na mwaka 1998 It's Electric. Jumla ni nyimbo nne kati ya saba za sahani ile moja. Kwa kuwa Metallica walikuwa sasa bendi kubwa duniani, mrabaha uliokwenda kwa watunzi ulikuwa wa maana, na Tatler mwenyewe ameeleza hadharani namna ulivyomsaidia kuishi. Desemba 2011, Metallica waliposherehekea miaka 30 mjini San Francisco, walimwita Tatler na Harris wapande nao jukwaani. Huyo si mwizi. Wadeni wengi wa ulimwengu huu hawalipi hata robo ya hapo.

Walakini, deni la msanii kwa msanii lina matawi matatu, na yafaa yatenganishwe. La kwanza ni deni la mali, na hilo mrabaha hulilipa. La pili ni deni la jina, na hilo hulipwa kwa kuandikwa kwenye jalada na kutajwa jukwaani, lilichelewa, likalipwa. La tatu ni gumu zaidi: ni deni la kusikilizwa. Mamilioni wanaoujua wimbo ule wanaujua kwa sauti ya mwingine. Wakikutana na sahani nyeupe baadaye, huisikiliza kama rasimu ya kile wanachokijua. Mtangulizi amegeuzwa mfuasi wa mfuasi wake. Deni hilo Metallica hawawezi kulilipa hata wakitaka, kwa sababu aliye nalo si wao. Ni kila mmoja mwenye masikio.

Washairi wa Kiswahili walikwisha kulifikiria jambo hili kwa njia yao. Atungaye takhmisi huchukua mishororo ya mwenzake na kutanguliza mitatu yake mwenyewe, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sanaa hiyo ina sharti lisiloandikwa: maneno ya mwenye shairi hubaki mahali pake, mzima mzima, na msomaji aonyeshwe mpaka. Mgeni anajenga sebule mbele ya nyumba, hahamishi nyumba. Hiyo ni heshima iliyofanywa kuwa umbo. Muziki wa gita hauna umbo la namna hiyo. Wimbo ukipigwa upya, hakuna mahali ambapo sikio litaambiwa, hapa ndipo mwenyewe anaposema. Kwa hiyo heshima isiyoweza kukaa katika umbo lazima ikae katika ulimi wa mwimbaji, na ulimi ni mlinzi dhaifu.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu la kweli. Ya kwanza yasema kwamba hata mkopeshaji alikopa. Mwanzo wa Am I Evil? una mdundo wa kijeshi unaotokana waziwazi na Mars, sehemu ya The Planets, kazi ya Gustav Holst iliyotungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na jina la Holst halimo kati ya watunzi waliotajwa. Ni kweli. Lakini pingamizi hiyo haifuti deni, yaongeza mdeni. Yaonyesha kwamba hakuna kisima cha kwanza, kila mmoja anachota alikochota mwingine, na kwa hivyo adabu ya kutaja ni wajibu wa kila achotaye. Mtu hasamehewi kutotaja kwa sababu aliyemwibia naye hakutaja.

Pingamizi ya pili ni kali zaidi. Yasema kwamba utetezi wa waliosahauliwa ni aina ya majivuno: mtu hupenda kilichofichika kwa sababu kimefichika, ili aonekane ana jicho kuliko umati. Hili nalo ni kweli mara nyingi. Katika wimbi lile zilikuwamo bendi nyingi zilizopiga vibaya, zilizoiga, zilizorekodi wimbo mmoja wa kufaa na tisa ya kujaza sahani. Si kila kilichozama ni lulu. Vingi ni makombe. Kusahauliwa hakuthibitishi ubora, kama vile kusifiwa hakuthibitishi. Lakini yeyote akubaliye hili amekwisha kuiacha methali, maana amekiri kwamba sifa ya watu na wema wa kitu ni mambo mawili, na kwamba asiyekisikiliza kitu chenyewe hana njia ya kujua.

Mfano wa tatu ndio unaolifikisha swali mwisho wake. Kusini-mashariki mwa London, mtaa wa Brockley, baba na mwana waliunda bendi mwaka 1978. Baba, Terry Jones, aliimba kwa sauti nyembamba ya puani, kama ya msimulizi wa kale. Mwana, Alan Jones, alipiga gita. Bendi iliitwa Pagan Altar. Mwaka 1982 walirekodi kazi ambayo ingekuwa albamu yao ya kwanza. Hakuna kampuni iliyoichukua. Ikabaki kaseti, ikapita mkono kwa mkono. Ilitolewa rasmi mwaka 1998, miaka 16 baadaye, wakati bendi yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Katika miaka hiyo 16, kazi ile ilikuwa na thamani gani? Anayeamini methali kwa ukamilifu wake lazima aseme haikuwa na thamani yoyote, kwa kuwa haikuuzika. Kisha mwaka 1998 ikapata thamani ghafla, bila kubadilika hata noti moja. Hilo haliingii akilini. Maji ya kisima kirefu ni maji kabla ya kamba kufika. Lakini yafaa pia kukiri upande wa pili: maji hayo hayakumkata mtu kiu. Thamani ilikuwamo, manufaa hayakuwapo. Na kati ya thamani na manufaa palihitajika kamba, na kamba haijisuki.

Nani alikuwa kamba? Kwa sehemu, walikuwa watu waliokwenda kinyume cha haki. Kaseti zilinakiliwa bila idhini, na hata santuri ya haramu ilichapishwa na kuuzwa bila wenyewe kupata senti. Kuwapo kwa nakala hizo ndiko kulikowajulisha wenye kazi kwamba wapo watu wanaoitaka. Mwizi aliiba mali, na papo hapo akaokoa kazi. Maadili yanayotaka kila tendo liwe jeupe au jeusi hukwama hapa. Mwenye insafu atasema yote mawili bila kuliacha mojawapo: kwamba haki ya wale wawili ilivunjwa, na kwamba bila mvunjaji huenda wimbo ungaliozea sandukuni. Wema wa tokeo hauhalalishi kitendo. Ila unawashtaki waliokuwa na njia ya halali ya kuibeba kazi ile wasiibebe.

Methali basi yahitaji kurekebishwa, na marekebisho yenyewe ni madogo. Chema hakijiuzi. Chema hubebwa. Hubebwa na mtoto wa miaka 17 aliyelala sakafuni kwa watu, na msikilizaji anayenakili kaseti usiku, na mwandishi wa gazeti aliyekwenda ukumbini siku wengine hawakwenda. Hakuna kati yao aliyefanya kazi ile iwe njema. Hiyo ilikuwa kazi ya mtunzi. Lakini bila wao wema huo ungebaki siri kati ya mtunzi na Mola wake. Na kwa kuwa hubebwa, mbebaji ana wajibu ambao methali ya zamani ilimsamehe: asikilize mwenyewe pasipo kungoja sokoni wamwambie, na afikapo na mzigo, ataje ulikotoka.

Sahani zile zinaendelea kuwarudia wenyewe. Angel Witch walitoa As Above, So Below mwaka 2012, baada ya zaidi ya miaka 25 bila albamu mpya. Satan wa Newcastle, ambao sahani yao ya kwanza, Court in the Act, ilitoka mwaka 1983, waliungana tena mwaka 2011, watu walewale watano, wakatoa Life Sentence mwaka 2013. Sweet Savage walioimbwa na Metallica katika onyesho lile la 1982 hawakupata kutoa albamu yao ya kwanza mpaka mwaka 1996. Waliiita Killing Time, kwa jina la wimbo ambao dunia ilikuwa imekwisha kuujua kwa sauti ya wengine.

Terry Jones alifariki dunia Mei 2015, baada ya kuugua saratani, akiacha rekodi ambayo haikuwa imetolewa. Mwanawe aliishughulikia mpaka ikawa tayari, na mwaka 2017 The Room of Shadows ikatoka, sauti ya baba juu, gita la mwana chini yake. Haikuwa sahani ya kuuzwa kwa mamilioni, wala haijauzwa hivyo. Lakini safari hii haikungoja miaka 16, kwa sababu palikuwa na mtu aliyejua ni ya nani, na aliyekubali kuibeba.